Fatehpur Sikri: nani aliichonga ile nguzo?

Ukilitazama kwa nje, jengo ambalo waongozaji wa watalii wa Fatehpur Sikri, mji wa kale kaskazini mwa India, huliita Diwan-i-Khas lina ghorofa mbili. Ingia ndani, ghorofa hazipo. Kuna chumba kimoja kirefu kwenda juu, na katikati yake imesimama nguzo ya jiwe jekundu. Shina lake linaanza mraba, linageuka pembe nane, na kila upande umejaa nakshi za maua na za mistari kama kanga iliyofungwa vizuri. Kichwani inafumuka. Vikono 36 vya mawe, vilivyojikunja kama mkonga wa tembo, vimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likitokeza zaidi ya lililo chini yake, mpaka vyote kwa pamoja vinabeba jukwaa la duara. Kutoka jukwaani vinatoka vijia vinne vyembamba vya mawe, kila kimoja kikielekea pembe yake ya chumba.

Nguzo hii imeandikwa sana. Yupo anayeona ua la yungiyungi la Vishnu, mungu wa Kihindu. Mwingine anaona mhimili wa ulimwengu kama unavyosimuliwa na Wabuddha na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), na mwingine, aliyesoma tasawuf, anaona Qutub, yule mtu mkamilifu ambaye dunia humzunguka. Mwongozaji wa watalii ana lake lililo jepesi zaidi: Akbar, mfalme wa Kimughali wa karne ya 16, alikaa pale juu, mawaziri wakakaa kwenye pembe, na nguzo yenyewe ni dini zote zilizounganishwa kuwa moja.

Maelezo haya yote yana kasoro ileile. Yanaanza na kichwa cha mfalme. Mimi nataka kuanza na mikono ya mchonga mawe, kwa sababu nadhani kisa cha mji huu kikisomwa kutoka huko kinakuwa kisa kingine kabisa.

Mazingira yenyewe ni haya. Sikri ni kijiji kilicho juu ya mgongo wa mwamba mwekundu, kilomita 37 hivi magharibi ya Agra. Hapo aliishi Sheikh Salim Chishti, walii wa tarika ya Chishtia. Akbar, aliyetawazwa 1556 akiwa na miaka 13, alikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto wa kiume aliyebaki hai. Akaenda kumzuru sheikh, akabashiriwa wana watatu. Mkewe, binti wa Raja Bharmal wa Amber, akajifungua Agosti 1569 hapohapo Sikri, na mtoto akapewa jina la sheikh: Salim, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Jahangir. Mwaka 1571 Akbar akaanza kujenga mji juu ya ule mwamba. Akaushinda Gujarat mnamo 1573, na mji ukaitwa Fatehpur, mji wa ushindi. Mwaka 1585 akaondoka na jeshi lake kuelekea kaskazini-magharibi, akakaa Lahore mpaka 1598, na Sikri hakurudi kuishi tena. Miaka 14 tu, basi.

Sasa jambo ambalo watalii wengi hawalioni. Karibu na msikiti mkuu upo msikiti mdogo, mzee kuliko mji wote, uitwao Msikiti wa Wachonga Mawe. Masimulizi ya mahali hapo ni kwamba wachonga mawe wa kijiji waliujenga kwa heshima ya Sheikh Salim, kabla Akbar hajaweka jiwe lake la kwanza pale. Na ukitazama upenu wake, unaona umebebwa na vikono vya mawe vilivyopinda kama nyoka anayejinyoosha. Vikono hivyohivyo utavikuta kwenye kaburi la sheikh, safari hii kwa marumaru nyeupe, na ndugu zao wamejaa mji mzima hadi kichwani mwa ile nguzo.

Kwa hiyo kikono cha nyoka, ambacho vitabu hukiita kwa wepesi alama ya siasa ya Akbar ya kuvumiliana, kilikuwa tayari msikitini Sikri kabla ya siasa hiyo. Waliokiweka hawakutumwa na mfalme. Walikuwa mafundi wanaomjengea walii wao kwa namna wanayoijua.

Na namna hiyo waliitoa wapi? Hapa tunapaswa kulitazama jiwe lenyewe. Jiwe la mchanga la Sikri linapasuka kwa tabaka, linakubali patasi, na linaweza kukatwa mabamba marefu. Fundi wa huko hulifanyia kazi kama seremala anavyoufanyia mti: anachonga nguzo, analaza boriti juu yake, anapachika kikono pale penye mzigo, anatandika mabamba kuwa dari. Tao na kuba havihitajiki. Yeyote aliyelala katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja akahesabu boriti za darini anaielewa mantiki hii bila mhadhiri. Ndivyo mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini ya Gujarat na Rajasthan yalivyojengwa kwa karne nyingi. Na ndivyo misikiti ya Gujarat ilivyojengwa pia, maana mafundi walikuwa walewale. Nenda Sarkhej, karibu na Ahmedabad, kwenye kaburi la Sheikh Ahmad Khattu la karne ya 15. Utakuta ukumbi wa nguzo, mabamba ya mawe yaliyotobolewa kama wavu ili upepo upite na jua lisipite, na kaburi limekaa katikati ya kivuli hicho. Miaka mia na zaidi baadaye kaburi la Salim Chishti likafuata mpango huohuo.

Abul Fazl, mwandishi wa historia ya Akbar, aliandika sentensi ambayo mara nyingi hunukuliwa nusu. Alisema Mfalme huvisha kazi ya akili na moyo wake vazi la mawe na udongo. Wanaoamini kwamba Akbar ndiye msanifu wa kila kitu huipenda sana hiyo. Lakini Abul Fazl huyohuyo, akiieleza ngome ya Agra, anasema mlikuwa na majengo zaidi ya 500 yaliyojengwa kwa mitindo mizuri ya Bengal na Gujarat. Hakusema mtindo wa Kihindu, hakusema wa Kiislamu. Alitaja nchi. Kwa mtu wa barazani kwa Akbar, jengo lilikuwa na kwao, kama kitambaa au embe. Hili swali letu la jengo ni la dini gani, ambalo leo tunaliuliza kabla hata ya kuvua viatu, halikuwa lake.

Ushahidi mwingine uko Delhi. Wakati Sikri inaanza kujengwa, kaburi la Humayun, babake Akbar, lilikuwa linamalizika, mnamo 1571 hivi. Hazina ileile, muongo uleule. Lakini kaburi lile lina kuba kubwa la marumaru lenye ganda mbili, matao marefu, na bustani iliyogawanywa kwa mifereji kama zulia la Kiajemi. Kwa nini yatofautiane hivyo? Kwa sababu msanifu wa Delhi alikuwa Mirak Mirza Ghiyas, mtu aliyelelewa katika ujenzi wa Herat na Bukhara. Badilisha fundi, jengo linabadilika, hata mlipaji akiwa yuleyule. Na hata huko Delhi, tazama juu ya paa: vibanda vidogo vyenye nguzo na kofia ya kuba vimelizunguka kuba kubwa. Vibanda hivyo ni vya India, vilikuwa juu ya majumba ya Warajput, watawala wa Kihindu wa Rajasthan. Msanifu alitoka mbali, ila waashi wake hawakutoka mbali.

Ipo picha ya ujenzi wa Sikri, iliyochorwa miaka ya 1590 katika karakana ya Akbar kwa ajili ya historia yake, ambayo sasa iko London kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Mchoraji aliyeipanga anaitwa Tulsi, jina la Kihindu. Akbar amesimama kwa mavazi meupe anazungumza na mwashi. Lakini jicho langu huwa haliendi kwake. Huenda kwa watu waliopanda ngazi na mabamba begani, kwa wale wanaopasua jiwe kwa kabari, kwa wanawake wanaobeba na kuponda vitu vya kutengenezea chokaa. Picha imejaa wao. Kasisi Antonio Monserrate, Mjesuiti aliyefika Sikri mwaka 1580 katika ujumbe mmoja na Rodolfo Acquaviva na Francisco Henriques, alishuhudia jambo hilo kwa karibu. Anasema Akbar alipenda kwenda kwenye machimbo, na wakati mwingine alishika nyundo mwenyewe. Anasema pia kwamba ili kelele zisimchoshe mfalme, mawe yalichongwa kwingine kwa vipimo kamili, yakaletwa tayari kuunganishwa. Kasisi akakumbuka hekalu la Sulaiman, ambalo nalo husimuliwa kuwa lilijengwa bila sauti ya nyundo.

Habari hiyo fupi inaeleza mengi kuliko nadharia tano. Kama kila kipande kinachongwa mbali na kuletwa kikiwa tayari, basi mchongaji ana nafasi ya kufuata desturi ya karakana yake. Kikundi kimoja kina nakshi za kengele na mnyororo, kingine kina maua, kingine kina nyota za pembe sita. Ndiyo maana ndani ya jengo moja la Sikri unaweza kukuta nguzo mbili jirani ambazo hazifanani. Siyo ujumbe uliofichwa. Ni vikundi viwili vya mafundi.

Hiyo kengele na mnyororo imeleta balaa lake. Kwenye jumba kubwa la wanawake wa kasri, ambalo huitwa jumba la Jodha Bai, nguzo na vishubaka vina nakshi hiyo, na maelezo ya kawaida ni kwamba Akbar alimjengea mkewe Mhindu nyumba ya Kihindu ili asali kwa amani. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba jina hilo limebandikwa karne nyingi baadaye, kama majina mengi ya Sikri, na kwamba kengele na mnyororo uleule umechongwa ndani ya mihrabu za misikiti ya Gujarat, ambako kengele iligeuka taa inayoning'inia. Na juu ya jumba hilohilo yapo mapaa yenye vigae vya buluu vya namna ya Multan, mji wa Waislamu ulio Pakistan ya leo. Tukifuata mantiki ya nakshi kuwa dini, mke huyo angekuwa Mhindu kiunoni na Mwislamu kichwani.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe, maana hoja yangu ikivutwa sana inakatika. Vikono ni vya mafundi, sawa. Lakini hakuna fundi anayeamka asubuhi akajenga nguzo yenye jukwaa na vijia vinne katikati ya chumba bila kuagizwa. Nguzo yenye kichwa cha vikono ilikuwa kazi ya kila siku. Kuitenga katikati ya chumba na kuifanya ibebe mtu badala ya dari, hilo ni wazo la mwenye mali. Na tunajua mwenye mali alikuwa akiwaza nini miaka hiyo. Alifuta tozo ya mahujaji wa Kihindu mwaka 1563, na kwa mujibu wa Abul Fazl akafuta jizya, kodi ya wasio Waislamu, mwaka uliofuata. Mnamo 1575 alijenga Sikri nyumba ya mijadala, Ibadat Khana, mwanzoni kwa ajili ya masheikh wa Kiislamu, ambao waligombana vibaya mpaka akawafungulia mlango na wengine: Wahindu, Wajaini, Wazoroasta, na wale Wajesuiti. Kila alfajiri alijitokeza dirishani ili raia wamwone, kwa desturi ya Kihindu ya kupata baraka kwa kumtazama mtukufu. Badauni, mwanazuoni wa barazani kwake, alichukizwa na yote hayo hata akaandika historia yake kwa siri.

Na Akbar huyohuyo, Februari 1568, miaka mitatu kabla ya Sikri, aliiteka ngome ya Chittor na kuamuru mauaji ya watu ambao Abul Fazl mwenyewe anawahesabu 30,000. Tangazo la ushindi lililotoka baada ya hapo lilizungumza kwa lugha ya jihadi. Nalitaja kwa makusudi. Wanaomgeuza Akbar kuwa mjumbe wa amani wa kisasa huliruka, na wanaomgeuza jinamizi hulitaja hilo peke yake. Mji wa Sikri ulijengwa na mtu mmoja mwenye mambo yote mawili, na nguzo haitusaidii kumpunguza.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya nguzo ni hii: umbo ni la fundi, matumizi ni ya mfalme, na dini iliingia baadaye pamoja na sisi wasomaji. Mfalme aliona kitu ambacho mafundi wake walijua kukifanya vizuri kuliko watu wote, akakipa kazi mpya. Ukubwa wake uko hapo, kwamba hakuwazuia. Angeweza kuleta mafundi wa Bukhara kwa ajili ya mji mzima. Alikuwa na fedha hizo.

Jambo hili si geni kwetu, tena tunalo mlangoni. Mji Mkongwe wa Unguja watu husema huu mlango wa Kiarabu, ule wa Kihindi: wa Kiarabu una kichwa cha mraba, pengine na aya juu yake, na wa Kihindi una tao juu na nakshi nyingi zaidi. Lakini uliza aliyeuchonga. Mlango wa tajiri wa Kiomani ungeweza kutoka mikononi mwa fundi wa Kutch au wa Kiswahili, kwa msaji uliovuka bahari kutoka India, ukawa na misumari ya shaba ambayo tunasimuliwa kwamba huko asili yake ni kuzuia tembo. Jina la mlango ni la aliyelipa. Mkono ni wa mtu mwingine, na hajaandikwa popote.

Tofauti ni kwamba Unguja hatujapelekana mahakamani kwa ajili ya mlango. India wamefika huko. Mwaka 2024 wakili mmoja alifungua shauri mahakamani Agra akidai kwamba dargah (kaburi la ziara) ya Salim Chishti ilikuwa hekalu la mungu wa kike Kamakhya. Ushahidi unaopendwa katika mashauri ya aina hii ni nakshi: nguzo za namna ya hekalu, kengele, yungiyungi. Yaani ileile kazi ya wachonga mawe niliyoieleza juu, sasa inasomwa kama alama za vidole vya wizi. India ina sheria ya 1991 inayosema sehemu ya ibada ibaki na hali iliyokuwa nayo tarehe 15 Agosti 1947, lakini mashauri yaliendelea kufunguliwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipozuia mapya Desemba 2024.

Isieleweke kwamba chini ya Sikri hakuna kitu. Kipo. Mnamo 1999 na 2000 Idara ya Akiolojia ya India ilichimba kilima kimoja pale ikatoa sanamu za Kijaini, nyingi zimevunjika, na miongoni mwake Saraswati, mungu wa kike wa elimu, mzuri ajabu mwenye maandishi ya mwaka 1010. Zaidi ya miaka 550 kabla ya Akbar kuanza kujenga, Sikri ilikuwa na Wajaini wenye mali na mafundi hodari. Mabishano ya nani alizivunja yakawaka papo hapo. Mimi linalonigusa ni jingine. Kama mwaka 1010 Sikri ilikuwa na watu wanaochonga namna ile, basi wachonga mawe waliomjengea sheikh msikiti mdogo hawakuanza kutoka sifuri. Na mwaka 1583 Hiravijaya Suri, mkuu wa watawa wa Kijaini kutoka Gujarat, alifika Sikri kwa mwaliko wa Akbar, na Akbar akapiga marufuku kuchinja wanyama katika siku za Paryushan, sikukuu ya Wajaini. Mtawa huyo alipopita chini ya vikono vile, sidhani kama aliviona vigeni.

Kwenye lango kuu la msikiti, Buland Darwaza, lenye kimo cha mita 54 ukihesabu na ngazi, yapo maandishi ya Kiajemi yaliyochongwa mnamo 1601 hivi, mji ukiwa umeshahamwa. Yanasema: Isa, amani iwe juu yake, alisema dunia ni daraja, lipiteni, msijenge nyumba juu yake. Wageni wa Kizungu hushangaa kumkuta Isa msikitini. Mwislamu yeyote wa Tanga au Mombasa hashangai, Isa ni nabii wake. Kinachonishangaza mimi ni kwamba neno la kukataza kujenga limeandikwa juu ya mojawapo ya malango marefu kuliko yote duniani, na kwamba aliyelichonga alilazimika kupanda jukwaa la mianzi kwa siku nyingi ili tuambiwe tusijenge.

Milango ya mbao ya lango hilohilo imepigiliwa viatu vya farasi. Vimejaa, vingine vimeliwa na kutu hata umbo halionekani. Wakulima wa vijiji vya jirani, Wahindu na Waislamu, walikuwa wakivileta mnyama akiugua, wanaweka nadhiri kwa sheikh na kugongea msumari mmoja. Katika mji wote ule wa mawe yaliyopimwa kwa uangalifu ndicho kitu pekee kilichowekwa bila mpango, na wala hakuna anayeuliza ni cha mtindo gani.